Nguzo za jirani zimemega mstari mzima wa mikorosho yetu Mkuranga

BARUA

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mkazi wa Mbagala, hapa Dar es Salaam, mama wa watoto wanne, na ninauza vitambaa sokoni. Marehemu baba yetu alituachia shamba la mikorosho katika kijiji kimoja wilayani Mkuranga, shamba alilolinunua mwaka 1984 na kulihudumia mpaka alipofariki mwaka 2016. Tumezaliwa watano, mimi ni wa pili, na kwa kuwa ndugu zangu wengine wako mikoani, mimi ndiye niliyekabidhiwa jukumu la kulisimamia. Huwa ninakwenda wakati wa palizi, wakati wa kupulizia salfa na wakati wa kuokota korosho. Siku nyingine zote yupo mtunza shamba.

Upande wa kaskazini tulipakana na mzee mmoja aliyekuwa rafiki mkubwa wa baba. Mpaka wetu ulikuwa safu ya minyaa ambayo wazee hao waliipanda pamoja, nami nikiwa binti mdogo niliyetumwa kuwapelekea maji ya kunywa. Miaka yote hiyo haikusikika kauli ya ugomvi. Korosho ikidondoka ng'ambo ya minyaa, aliyeiona aliirusha upande wa mwenyewe. Mzee huyo naye alifariki, na mwaka 2022 wanawe waliuza shamba lao kwa kijana mfanyabiashara anayeishi hapa hapa Dar es Salaam. Alipokuwa akisafisha eneo lake alileta greda, nalo likafyeka minyaa yote. Alinipigia simu kuniomba radhi na kuahidi kwamba angepanda mingine, nami nikamwambia hakuna neno.

Mwezi Agosti mwaka jana mtunza shamba alinieleza kwamba kijana huyo amesimamisha nguzo za zege na kuvuta seng'enge, na kwamba nguzo zimeingia ndani kwetu. Nilikwenda siku iliyofuata, nikakuta mstari mzima wa mikorosho sita umebaki upande wake. Nilinyoosha kamba kutoka kwenye nguzo hadi mahali ninapokumbuka kuwa minyaa ilikuwapo, nikaona zimeliwa kama mita 12. Nilipompigia simu alinijibu kwa heshima, sitamsingizia, lakini alisema: "Mama, mimi nimenunua ekari 2, na karatasi ya kijiji inasema 70 kwa 140. Nimepima kwa futi kamba kuanzia barabarani na 140 imeishia pale. Kama kuna tatizo, waulize walioniuzia."

Karatasi yetu sisi haitaji ekari wala hatua. Imeandikwa kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari, ikisema kwamba muuzaji amemuuzia baba "mikorosho 42 na minazi 5", kisha yanafuata majina ya mashahidi wanne na alama za dole gumba. Kati ya mashahidi hao amebaki bibi mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 80.

Ndugu zangu wamegawanyika. Kaka anataka twende na vijana tukang'oe nguzo kabla ya msimu ujao. Mdogo wetu wa mwisho anasema twende polisi. Shemeji yangu anashauri tufungue kesi hapa Temeke, kwa kuwa sisi na kijana huyo sote tunaishi Dar es Salaam, na anaye wakili anayemfahamu. Nilipokwenda ofisi ya kijiji niliambiwa nitoe kwanza posho ya wajumbe watakaokwenda kutazama eneo, nami sikutoa kwa sababu hakuna aliyenionyesha stakabadhi. Msimu uliopita mikorosho ile sita haikuokotwa na yeye wala na sisi. Korosho zilioza chini, na jambo hilo liliniuma kuliko hata nguzo.

Naomba unishauri nianzie wapi. Sitaki shamba la baba limegwe, lakini pia sitaki uadui na mtu ambaye wajukuu wangu watapakana naye.

Mama wa Mbagala

JIBU

Dada yangu wa Mbagala,

Pole kwa korosho zilizooza. Kabla sijagusa sheria, naomba tukae kwanza kwenye hesabu, kwa sababu katika barua yako kuna tarakimu mbili ambazo sikuweza kuzipita: 140 na 12.

Wazee wetu walipima shamba kwa hatua, na mpaka leo katika vijiji vingi ukiuliza ekari ni kiasi gani utajibiwa "sabini kwa sabini". Hizo ni hatua, si mita. Hatua ndefu ya mtu mzima anayetembea kwa kupima hukaribia yadi moja, yaani sentimita 91 na ushei. Na ekari moja ni yadi za mraba 4,840, wakati 70 mara 70 ni 4,900. Kwa hiyo kipimo cha wazee hakikuwa cha kubahatisha kama wengi wanavyodhani. Kasoro huanza pale mwandishi wa karatasi anapoandika "70 kwa 140" bila kusema ni 70 za nini, kisha mnunuzi wa mjini, ambaye maisha yake yote amepima kwa mita, anachukua futi kamba na kusoma mita. Hatua 140 za yadi moja moja ni mita 128. Toa 128 katika 140, dada yangu, utabaki na 12, yaani zile zile mita ulizoziona wewe kwa kamba yako.

Angalia pia karatasi yake yenyewe inavyompinga. Ekari 2 ni takriban mita za mraba 8,094. Akipima mita 70 kwa mita 140 anapata mita za mraba 9,800, ambazo zinazidi ekari 2.4. Karatasi ile ile anayoitegemea inataja ekari 2, na nguzo zake zimezunguka karibu ekari mbili na nusu.

Sijaliona shamba lenu, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba hiki ndicho kilichotokea, lakini kuna njia ya kuhakikisha bila kumuuliza yeye neno lolote. Kama kijana huyo alipima urefu kwa mita badala ya hatua, basi upana nao aliupima hivyo hivyo, na mita 70 badala ya hatua 70 ni ziada ya mita 6. Mtafute anayepakana naye kwa ubavuni, umuulize kwa upole kama naye ameona nguzo zikimwingilia kwa kiasi hicho. Akikubali, utakuwa umepata maelezo ya jambo zima na shahidi ambaye hana undugu na ninyi. Uliza vilevile kama barabara ile anayoanzia kupima imewahi kupanuliwa tangu enzi za wazee, kwa maana barabara ikisogea, na mwanzo wa kipimo nao unasogea.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu linabadilisha mazungumzo yote. Ukimwendea kijana na neno "umetuibia", atajitetea kama mtu anayeitwa mwizi mbele ya kijiji. Ukimwendea na hesabu ya hatua na mita, unampa mahali pa kurudi nyuma bila aibu. Wana wa yule mzee nao utakuwa umewafungua midomo. Sasa hivi wanaweza kuwa wanaogopa kusema minyaa ilikuwa wapi, wakihofia kwamba shamba likionekana pungufu watadaiwa warudishe fedha. Lakini wakielewa kwamba kwa hatua mnunuzi amepata ekari zake 2 kamili, hawana tena sababu ya kukaa kimya.

Tuje kwenye karatasi yenu, ambayo unaisema kama kwamba ni dhaifu. Mimi siioni hivyo. Wakati baba yako ananunua, ardhi tupu kisheria haikuwa na bei. Kilichotambulika kuwa mali ya kuuzwa ni maendeleo yaliyo juu yake, yaani miti, mazao ya kudumu na majengo. Ni sheria za ardhi za mwaka 1999 zilizokuja kutambua kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Ndiyo maana karatasi nyingi za Pwani za miaka hiyo zinahesabu mikorosho na minazi badala ya ekari. Mikorosho 42 ndiyo kipimo chenu. Nendeni mkaihesabu mmoja mmoja, pamoja na visiki vya iliyokufa, na mwandike ni ipi iko ndani ya seng'enge. Kama bila ile sita hesabu haifiki 42, hoja yenu ina mizizi. Hata hivyo muwe wakweli: kama baba alipanda mingine baada ya kununua, itengeni. Unene wa shina utawasaidia, na mtu aliyezoea mikorosho hatashindwa kutofautisha mche wa juzi na mti wa miaka arobaini.

Minyaa nayo huenda haijapotea. Greda huondoa kilicho juu, lakini mnyaa ni mti mkaidi, na kipande kilichobaki ardhini huchipua mvua zikinyesha. Tembeeni pale mlipoukumbuka mpaka mkitafuta machipukizi yaliyo katika mstari mmoja, muyapige picha yakionekana pamoja na nguzo. Atakayefukua visiki ajihadhari na utomvu usimwingie machoni, maana unaweza kumdhuru vibaya. Msitegemee ramani ya simu kuonyesha mpaka. Chini ya mikorosho simu hukosea kwa mita kadhaa, na ugomvi wenu wote ni wa mita 12. Mkitaka kipimo cha kuaminika, iandikieni ofisi ya ardhi ya halmashauri iwapatie mpima, mkielewa kwamba mpima huonyesha alama ziko wapi na umbali ni kiasi gani, ila haamui nani ni mwenye haki.

Katika yote, jambo lisilosubiri ni yule bibi. Mpelekeni shambani akiwa bado na nguvu za kutembea, aonyeshe mpaka kwa mkono wake mbele ya kijana huyo au mwakilishi wake, mbele ya wana wa marehemu mzee na mbele ya kiongozi wa kijiji, na maneno yake yaandikwe na kuwekewa saini au dole gumba la kila aliyehudhuria. Ukimchukua peke yako kwa gari la kukodi ukamrekodi kwenye simu, kesho utaambiwa ulimfundisha la kusema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nami nalihofia kuliko nguzo. Umesema ndugu zako walikukabidhi shamba, lakini hukusema kwamba mirathi ya baba ilifunguliwa. Kama haikufunguliwa, wewe huna uwezo wa kisheria wa kumshitaki mtu yeyote kwa mali ya marehemu, hata kama wewe ni binti yake wa damu na ndugu zako wote wamekuridhia. Anayeweza kufungua shauri ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mashauri mengi ya ardhi hutupwa kwa kasoro hiyo tu, baada ya watu kupoteza miaka. Fanyeni kikao cha familia, andikeni muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, chukueni cheti cha kifo, mpeleke maombi Mahakama ya Mwanzo ya mahali baba alipokuwa na makazi yake ya kudumu, iwapo mirathi yenu inafuata mila au sheria ya Kiislamu.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya muda. Dai la kurudisha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na wengi hudhani kwamba miaka hiyo huanza siku nguzo ziliposimama. Kwa ardhi ya marehemu aliyefariki akiwa anaimiliki, sheria ya ukomo inahesabu kuanzia siku aliyofariki. Baba yenu amefariki mwaka 2016, basi jihesabieni kwamba kalenda yenu inaishia 2028, na msikubali mtu awaambie mna muda mrefu kuliko huo.

Najua pia kuna ndugu atakayesema kwamba wana wa yule mzee nao waliuza bila kufungua mirathi, hivyo mauzo ni batili na kijana hana chake. Inawezekana wana kasoro hiyo, lakini kwa familia ambayo nayo haijafungua mirathi kwa miaka yote hii, kulianzisha hilo ni yale ya nyani haoni kundule. Zaidi ya hayo, hamtaki kumfukuza. Mnataka mita zenu 12.

Mwambie kaka yako asiguse nguzo. Hata kama zimesimama ndani kwenu, kwenda na kundi kuzing'oa kutawageuza ninyi kuwa washitakiwa wa kuharibu mali, na kijana atapata hoja asiyokuwa nayo leo. Polisi nao hawatawasaidia sana hapa. Wanahusika pakitokea vitisho au vurugu, lakini mpaka unaobishaniwa ni suala la madai, na mahakama zetu zimekwisha kusema mara nyingi kwamba mashitaka ya jinai ya kuingia kwa kosa katika ardhi hayafai kuendelea huku umiliki wenyewe haujaamuliwa. Shemeji naye amekosea mahali: shauri la ardhi hufuata ardhi ilipo, haliwafuati wenye ardhi wanakolala, kwa hiyo ni Mkuranga, si Temeke.

Mlango wa kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo watu hulichanganya na ofisi ya kijiji. Hili lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, halimlazimishi mtu. Liandikieni barua kupitia kwa mtendaji, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ulifanya vyema kutotoa fedha isiyo na stakabadhi. Ukiombwa tena, omba iandikwe ni ya nini na ipokelewe na ofisi, si na mkono wa mtu.

Usuluhishi wa kijiji ukishindikana, mnakwenda Baraza la Kata. Hapa pana mabadiliko ambayo hata baadhi ya viongozi hawajayazoea: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena nani ni mmiliki, linasuluhisha tu, na wakili haruhusiwi kusimama humo kama wakili, hivyo rafiki wa shemeji apumzike kwanza. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa uthibitisho wa kushindwa, na kwa uthibitisho huo msimamizi wa mirathi anafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita tangu mpeleke lalamiko bila usuluhishi kukamilika, mnaweza kwenda wilayani bila karatasi hiyo. Kule ndiko mwenyekiti, akikaa na wazee wa baraza wasiopungua wawili, anaweza kuamua, anaweza kutoa amri ya zuio, na anaweza kwenda kulitazama eneo kwa macho. Wakili sasa ana kazi.

Jirani akijaribu kukutisha kwa kusema kwamba hamna hati, asikutishe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa haki ya kimila hadhi iliyo sawa na ile ya hakimiliki inayotolewa na serikali. Hata hivyo mkishapatana, ombeni Hati ya Hakimiliki ya Kimila wakati mpaka bado ni mbichi vichwani mwa watu, kwa kuwa katika uhakiki wake majirani husimama mpakani na kuukubali kwa saini.

Kuhusu korosho, msikubali msimu mwingine uozee chini. Mwandikishane karatasi fupi, hata kabla ya suluhu, kwamba mtunza shamba wako na mtu wa kijana wataokota pamoja mikorosho ile sita, mzigo upimwe, uuzwe kupitia chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa hapo, na fedha zishikwe na mtu ambaye wote mnamwamini mpaka mpaka utakapojulikana. Karatasi hiyo itamke wazi kwamba kuokota pamoja si kukiri kwamba mti ni wa yeyote.

Kijana huyu alikupigia simu mwenyewe kuomba radhi kwa ajili ya minyaa, wala korosho hakuzigusa, na bado anakuita mama. Mtu wa namna hiyo ningemjaribu kabla ya baraza lolote. Mwalike shambani siku moja ya Jumamosi, aje na karatasi yake na futi kamba ile ile aliyopimia, nawe uwe na bibi, wana wa mzee na mjumbe mmoja wa kijiji. Kisha mwombeni mzee mmoja wa pale, asiye na upande, aanze barabarani na kutembea hatua 140 kama walivyokuwa wakitembea, kijana mwenyewe akizihesabu kwa sauti, nanyi mchomeke kijiti pale zitakapoishia.